Suti ya Kahawia

Marlys Thorsen alikuwa amepata nafasi ya kufundisha mwaka mzima mjini Dresden, Ujerumani, naye hakuwahi kukaa nje ya jimbo lake la Nebraska, Marekani, hata mwezi mmoja. Viza ilikuwa tayari, chumba kimepatikana, masanduku mawili yamefungwa. Kilichomzuia ni baba yake, Verlyn, mgonjwa wa mapafu ambaye madaktari walishamkatia tamaa.

"Nitaahirisha, Baba."

"Uahirishe ili ukae kunitazama nikikohoa? Acha upuuzi. Fungua kabati, unichagulie nguo za kuzikiwa. Kaka yako atanivalisha ile tai ya kijani, namjua."

Marlys alicheka, akatoa suti ya kahawia. Verlyn alipoijaribu ilimpwaya kama ya kuazima, basi wakaipeleka kwa fundi aipunguze.

"Kuna harusi?" fundi aliuliza.

"Safari," mzee alijibu.

Uwanja wa ndege walikumbatiana kwa muda mrefu. Wiki ya sita Marlys akiwa Dresden, kaka yake alipiga simu: baba amefariki. Marlys hakurudi kuzika, maana walishaagana. Alifundisha vipindi vyake vyote vinne, kisha akabaki darasani peke yake, hajui aende wapi.