Mashine ya Jikoni

"Nimelipia gemu ya kutisha, nimekutana na mama mkwe," fundi sauti alisoma kwenye kompyuta, akasonya. Maoni yaliyofuata hayakuwa na nafuu. "Mashine gani hii inayokohoa? Nimeizima, roho yangu kwatu." Na chini yake: "Falsafa mpelekee mwalimu wako. Mimi nipeni bunduki."

Wachezaji wana midomo, hilo halina ubishi. Mtu hajawahi kutunga hata kitendawili, lakini mpe kitufe cha kutolea maoni uone.

Gemu yenyewe ilihusu chombo kilichopotea angani. Watu wake walikufa zamani, akili zao zikahamishiwa kwenye mashine, na mashine hazikujua kuwa wenyewe walishakufa. Mchezaji akifika jikoni hukuta mashine inayomsihi asiizime. Asipoizima hapati betri, na bila betri mlango haufunguki. Mtunzi alitaka watu wajiulize kama waliyemzima ni mtu au ni chuma. Hawakujiuliza lolote. Walizima, wakatukana, wakasonga mbele.

Sauti ya mashine ile ilikuwa ya mama yake fundi.

Fundi alimrekodi mama chumbani mwa mama mwenyewe, magodoro yameegemezwa ukutani na blanketi limefunika dirisha ili kelele za barabarani zisiingie. Mama alikuwa ameshaanza kuumwa. Alisoma "Usinizime, mimi ni mtu" kama anayesoma maelezo ya dawa, akakohoa, kisha akamtazama mwanawe juu ya miwani.

"Umekula?"

"Mama, soma kilichoandikwa."

Baadaye fundi alikata jibu lake mwenyewe, swali la mama akaliacha. Katika kazi yote ile, ndilo neno pekee lililosikika kama limetoka kwa mtu. Kabla gemu haijatoka, mama akafariki.

Mkubwa wa ofisi akaingia na kikombe chake cha chai, hakuketi. "Ile sauti ya jikoni iondoke leo. Watu wameikataa."

"Wameikataa gemu nzima, mkubwa."

"Gemu siwezi kuiondoa. Sauti naweza." Akaenda zake.

Fundi hakuwa na rekodi nyingine ya mama, na kwa kanuni ya ofisi sauti iliyoondolewa hufutwa kabisa, bila kubaki nakala. Simu ya zamani iliharibika na kila kitu kilichokuwamo. Alikuwa bado anautazama mlango ulipofunguka tena, akaingia dada yake mkubwa, mtandio umemteleza begani, hana hata salamu.

"Mwanangu amemzima bibi yake mbele ya macho yangu," alisema. "Akaambiwa hongera, akapewa betri. Ulijua?"

"Nilijua. Ilikuwa kazi, dada."

"Kazi. Hata mchimba kaburi, maiti mmoja humzika mara moja." Aliegemea meza. "Wewe umemtoa mama azikwe kila siku na wahuni wasiomjua, tena kwa matusi. Mimi nilimwogesha yule. Nilimlisha kwa kijiko. Wewe ulimpelekea maikrofoni."

Fundi alijua ni kweli. Ilimuuma, na juu ya maumivu akakasirika.

"Haya, furahi basi. Mkubwa naye anataka iondoke. Mmekubaliana."

"Iondoe. Niione ikiondoka."

Akaifungua rekodi. Kwenye kioo sauti ya mama ilitandazwa kama milima midogo iliyopangana. Fundi alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja hata alipohimizwa: hakati sauti kabla ya kuisikiliza hadi mwisho. Akanyoosha mkono kuchukua hedifoni.

"Nipe mimi," dada akasema, akazivaa mwenyewe juu ya mtandio.

Fundi akabonyeza. Hakusikia kitu, lakini alijua mama yuko wapi kwa kuitazama ile milima. Hapa alisoma maneno ya mashine. Hapa alivuta pumzi. Hapa alikohoa, na dada akakunja uso kama aliyekoholewa kweli. Kisha kikaja kilima kimoja kifupi, cha chini, cha lile swali.

"Bado," dada akasema. Alisema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo watu waliozibwa masikio, na mfanyakazi mwingine aliyekaa chumba cha pili akageuza shingo kutazama.

Baada ya kile kilima mstari ulilala. Pale ndipo palipokuwa na jibu lake, na alipolikata alipajaza ukimya wa chumba chenyewe, ule wa magodoro na blanketi, usio na neno la mtu. Ulikuwa mrefu kuliko alivyokumbuka. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufutia.

Dada hakuvua hedifoni. Alivuta kiti kwa mguu, akaketi, akazikandamiza masikioni kwa mikono yote miwili, na mstari ukaendelea kwenda, umelala hivyo hivyo.