Rangi ya Mkono Wangu

Rehemah ndiye aliyeniambia kwanza, kisimani, huku anacheka, mama Hajarah, nimekuona kwenye ukuta wa duka la sajenti unaoga, nikadhani mzaha, nikajitwika ndoo nikapitia barabara ya Busia, na kweli nilikuwa mimi, nimechorwa, kovu langu la shavuni, mabega wazi, povu mpaka kifuani… na sasa naosha brashi za Wahabi mume wangu, mchora matangazo, kwa mafuta ya taa kama kila jioni, mtoto mgongoni, na kahawia inatoka, haiishi kutoka, ngozi yangu hii, siku ile alinishika mkono akauweka karibu na kopo, akachanganya, akatazama, akachanganya tena, tulia, mama Hajarah, nikatulia, sijatazamwa hivyo tangu harusi, nikadhani ananipenda, kumbe anatafuta rangi… “Brashi bado?” yuko nje na Muzamiru wa lori, wanacheka, sijui wanacheka nini, bado, nasema… na maneno pale chini ni yangu, kila tangazo mimi humwandikia kwa chaki, yeye anafuatisha kwa rangi, shule aliiacha mapema, akaniambia andika NGOZI LAINI YA BIBI ARUSI, nikaandika kwa uangalifu, herufi zimesimama sawa, picha sikuonyeshwa… na sabuni yenyewe inayotangazwa haimo dukani, tangu Wahindi wafukuzwe na sajenti apewe duka lile rafu ni tupu, mimi nafulia majani ya mpapai, basi ukuta ule unauza nini, Rehemah anasema kuna mwanamume alinigusa kwa kidole, ati aone kama nimekauka… “Ni biashara tu,” Wahabi alisema mchana nilipomuuliza, “watu hawasimami kwa maandishi, wanasimama kwa mwanamke, na sajenti kapenda, nani atagusa ukuta wake?” biashara, haya, mbona hakumchora dada yake, mbona hakuniuliza, ningekataa, alijua ningekataa, ndiyo maana… “Brashi, mama Hajarah!” bado, nasema, bado… na hii ya mwisho, ya rangi nyeusi, siioshi.

Asubuhi nilimfunga mtoto mgongoni, nikabeba kopo la rangi nyeusi na brashi ile, nikaenda mpaka ukuta wa sajenti, nikajichorea ushungi mweusi, ukafunika nywele, mabega, kifua, polepole, bila kutoka nje ya mstari. Askari wa mlangoni akanijia na bunduki yake. “We mama, nafanya nini hapo?”

Sikugeuka. Nikamwambia namalizia kazi ya mume wangu.