Nyumba ya Mama Iko Wazi

Sidi alinusa moshi kabla hajauona. Pasi ya makaa ilikuwa imetulia juu ya sketi nyeupe, mkono wake umetulia juu ya pasi, na yeye mwenyewe hakuwapo. Alikuwa ameufuata wimbo. Alipoinyanyua pasi, pindo lilikuwa limeshaungua, doa la hudhurungi lenye umbo la ncha ya pasi.

Upande wa pili wa ukumbi wa kanisa, pale Ganjoni, vijana wa chuo kikuu waliendelea kuimba. Walikuwa wameshuka kituo cha Mwembe Tayari kwa basi la Nairobi, kwaya nzima na ngoma zao na kayamba zao. Chuo kilikuwa kimefungwa tena kwa sababu ya mgomo, nao wakaona badala ya kukaa makwao wakitazamana na wazazi, bora wazunguke makanisani wakiimba Injili kwa ngoma za Kiafrika. Huku walinasa wimbo, kule walinasa mchezo, wakabadilisha maneno, wakaendelea na safari. Sidi, ambaye kazi yake ilikuwa kufagia ukumbi na kupiga pasi vitambaa vya madhabahu kwa pasi yake mwenyewe aliyoibeba kutoka Kibokoni, aliongezewa na nguo zao. Hakunung'unika. Kelele zao zilimfurahisha, maana nyumbani siku hizi walibaki wawili tu, yeye na mumewe.

Lakini wimbo huu ulimshika mahali pengine. "Nyumba ya Baba iko wazi, nani ataingia mlangoni?" Maneno yalikuwa ya kanisani kabisa. Sauti yake, Sidi aliijua tangu alipokuwa akibebwa mgongoni. Kijijini kwao, mbele ya Kaloleni, wanawake waliuimba mama mwenye nyumba akishazikwa. Waliizunguka nyumba yake, mabinti mbele, wakiuliza, "Nyumba ya mama iko wazi, nani atafunga mlango?" Na wanaume walioketi nje waliitikia kwa sauti nzito, "Lala mama, tutafunga." Vijana hawakuwa na itikio hilo. Mahali pake walitikisa kayamba na kuruka juu kwa furaha, na kila walipofika hapo Sidi alijikuta amezuia pumzi, akingoja wanaume.

Purity, msichana aliyewaongoza wachezaji, alikuja kuchukua nguo. Sidi alimwonyesha lile doa huku amejiandaa kukemewa, kwani sketi ilikuwa ya Purity mwenyewe. Msichana alicheka tu, akasema Mungu haangalii pindo. Kisha akaketi kwenye benchi.

"Mama, wewe ni wa huku. Wimbo huu tuliunasa kwa kaseti kwa bibi mmoja Kaloleni. Alituambia ni wa kumwimbia mama, hakusema zaidi. Tunaucheza sawasawa?"

Hapo ndipo Sidi alipotakiwa kusema.

Mama yake alikufa wakati yeye ndiyo kwanza amebatizwa. Mumewe, Lennox, alikuwa akitazamiwa kuwa mzee wa kanisa, na mtu anayetazamiwa ana macho mengi mgongoni. Alimwambia waliookoka hawazunguki nyumba za wafu kwa ngoma. Sidi alimpenda mumewe na alimcha Mungu, na mpaka leo hajui ni lipi kati ya hayo mawili lililomweka siku ile kwenye kigoda cha jikoni kwa mama, kitabu cha nyimbo mapajani, ilhali nje dada zake walikuwa wakizunguka. Alizisikia nyayo zao zikipita nyuma ya ukuta, zikaenda, zikarudi. Tangu hapo alimtamani mama yake kila siku, na kila alipotaka kumlilia aliona kilio hakina njia, kwa sababu njia yake ilikuwa ni ile moja, nayo aliiacha ikampita.

Akisema ukweli, wimbo utaondolewa. Nani ataimba wimbo wa matanga Jumapili ya shukrani? Akinyamaza, utaimbwa kesho ndani ya kanisa, mchungaji akiwa anapiga makofi, na Purity alikuwa ameshasema kwamba mwishoni huwaita akina mama wote wajiunge kucheza.

"Mnaucheza vizuri," alisema Sidi. "Msiukimbize tu. Huo wimbo watembea."

Jioni, ile sketi iliyoungua akiwa nayo kwapani ili aitie kiraka, alipita dukani kwa Bi Maleka, mwenye nyumba wao, aliyeuza vitambaa mbele na kupangisha vyumba nyuma. Waliulizana hali kwa urefu, kama ilivyo desturi ya Kibokoni, mpaka wakafika kwenye sketi. Bi Maleka akatoa kitambaa cheupe cha kutilia kiraka. Sidi akakisogeza kando, akaonyesha kaniki, ile nguo nyeusi ambayo kwao wafiwa hujifunga.

"Kaniki kwenye nguo ya sherehe?" Bi Maleka aliushika mkasi bila kukata. "Umefiwa na nani, Mama Kenga?"

"Na mama."

"Inna lillahi. Lini?"

"Kenga wangu alikuwa bado hajazaliwa."

Kenga alikuwa mtu mzima sasa, mwenye watoto. Bi Maleka alikata kitambaa, akakikunja, akakataa malipo. Sidi alishona kiraka usiku ule, na Lennox alipouliza alichokuwa akishona, alimwambia ni sketi ya watoto wa kwaya.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Jumapili, wimbo ulipoanza, Lennox aliyekuwa kwenye viti vya wazee alipiga makofi kama wenzake. Kwenye mstari wa pili mikono yake ikasimama hewani. Naye alitoka kijiji hichohicho. Aligeuka, akamtafuta mkewe kwa macho, akamwona ameshainuka.

Purity alikuwa hajamaliza kuwaita akina mama. Sidi alishusha leso mabegani, akaifunga kiunoni kwa kukaza, akaingia nyuma ya msichana, macho kwenye kile kiraka cheusi kilichokwenda mbele yake. Hakuruka. Alikwenda kwa mwendo wa kuburuta nyayo, mgongo ameuinamisha, mikono imeshika kiuno, akaizunguka meza ya madhabahu kama nyumba. Machozi yalimtoka bila kuyazuia. Akina mama walipiga vigelegele, wakasema Mama Kenga leo amejazwa. Mchungaji alisema amina. Kila palipofika pengo la itikio, kayamba zikalia, na Sidi akasimama kidogo, akiwaza kwamba Lennox angeweza kuinuka sasa hivi na neno moja tu likamrudisha kwenye kigoda.

Lennox hakuinuka. Alikaa ameinamisha kichwa, mikono katikati ya magoti, mpaka wimbo ukaisha.

Baada ya ibada vijana waliagana na watu kwa kelele, Purity akamkumbatia Sidi na kumshukuru kwa kuwafundisha kutokimbia. Sidi aliingia ukumbini kuchukua pasi yake, hakuikuta. Lennox alikuwa nje ameishika, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kubeba chombo cha jikoni wala cha kufulia barabarani.

Walishika njia ya nyumbani. Walipita Ngomeni, wakaitikia salamu za watu wa barazani, wakaingia vichochoro vya Kibokoni ambamo watu wawili hawaenei sambamba. Sidi akatangulia. Alikuwa amechoka, na kifua chake kilikuwa chepesi upande mmoja tu, upande wa pili bado mzito vilevile. Wimbo ukamtoka mdomoni kwa sauti ya chini, kwa maneno yake ya zamani. Nyumba ya mama iko wazi, nani atafunga mlango? Akafika penye pengo, akanyamaza, kwa mazoea tu.

Nyuma yake hatua zilikoma. Kisha ikaja sauti ya mwanamume, nzito, iliyokwaruza, ikitafuta mahali pake.

"Lala mama. Tutafunga."

Sidi hakugeuka. Alipunguza mwendo mpaka akasikia kifuniko cha pasi kikigongagonga mkononi mwa mumewe, karibu na mgongo wake, akaanza ubeti upya.