Mheshimiwa wa Nge

Bunge lilipounda cheo cha Mwanasayansi wa Taifa, wa kwanza kutunukiwa alikuwa Hedia Ltaief wa mji wa Nefta. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akiwachunguza nge, na kila wiki alizunguka shuleni na sokoni kuwasimulia watu habari zao. Cheo chenyewe kilikuwa cha heshima tu: mwaka mzima wa kuzungumza na wananchi, bila mshahara wala gari. Redioni hilo la mwisho halikutajwa.

Aliporudi kutoka Tunis alikuta ukumbi wa nyumbani umefurika watu, na mama yake, Bi Fattouma, akiwamiminia chai ya nanaa.

"Ami Salouh anataka lami mpaka mlangoni kwake," mama akamwambia. "Nimemwambia ampe wiki mbili tu mwanangu."

"Mama, mimi si waziri. Kazi yangu ni kuongea."

"Kwani mawaziri wana kazi gani nyingine?"

Watu wakaangua kicheko. Hedia naye akacheka, ila uso ulimwaka kwa haya. Ikabidi awaeleze kwamba hana ofisi, hana muhuri, hana hata karani.

Ami Salouh, mzee wa mtaa, akaiweka chini glasi yake. "Basi wamekupa kokwa, tende wamekula wenyewe."

Wakaanza kuaga. Khalati Mongia, jirani wa ukuta kwa ukuta, akasita mlangoni.

"Mimi sikufuata lami, mwanangu. Stoo kwangu kumeingia nge. Wajukuu siku hizi wanalala na viatu."

"Twende," Hedia akasema, na taa yake tayari iko mkononi.

Stoo ile haikuwa na dirisha. Hata adhuhuri hiyo ndani kulikuwa giza totoro. Waliokuwa wakienda zao wakageuza njia, wakasongamana nyuma yake. Hedia akawasha ile taa ya mwanga wa zambarau. Ukutani nge wanne wakawaka kijani kibichi.

"Nimeishi nao miaka sabini," Ami Salouh akanong'ona, "sikujua kama wanawaka. Kwa nini?"

"Hilo bado tunabishania, Ami. Sijui."

"Na cheo chote hicho?"

"Na cheo chote."

Mzee akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akauachia upesi.

Hedia akawakamata nge kwa koleo, akawatia kwenye chupa, akawaonyesha watu ufa walimopitia. Nyuma ya ukuta kulikuwa na kifusi cha nyumba ya zamani, chenye ubaridi na mende tele.

"Hapo ndipo kwao. Mkiziba ufa na kuacha kifusi, watatafuta njia nyingine."

Kesho yake asubuhi mtaa mzima ulitoka na majembe na mikokoteni. Kufikia saa nne kifusi kilikuwa kimekwisha, na Khalati Mongia anagawa mkate wa moto. Hedia, vumbi mpaka kwenye nyusi, alijibu maswali hadi sauti ikamkauka, na hakukumbuka siku aliyofurahi hivyo.

Barabara ilibaki ya mchanga. Ami Salouh aliazima taa kwa siku moja, akakaa nayo mwezi, akiwapigia hodi majirani mmoja baada ya mwingine awakagulie kuta.