Mashine Inayonyonya Kila Kitu

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na wala hahitaji kutafutiwa wakili. Kinyozi mzima, mwenye mke na paa linalovuja, alichukua akiba ya mabati akanunua mashine ya kuoshea santuri.

Tena si mashine ya mchezo. Unaweka santuri, unamimina dawa, inazunguka, brashi zinasugua, kisha mdomo wake mrefu unanyonya maji yote kwa kelele za kinu cha kusaga. "Inanyonya kila kitu!" aliwatangazia wateja wiki nzima, wembe ukiwa shingoni mwao, kwa hiyo hakuna aliyembishia.

Sababu alikuwa nayo. Mkewe na dada yake waliachiwa santuri moja tu yenye sauti ya marehemu baba yao, na siku hizi mzee alisikika kama anayeimba ndani ya blanketi. Jumapili hiyo shemeji alikuja na kichanga chake, mjukuu aliyerithi jina la mzee, amsikie babu yake.

Kinyozi akaosha santuri. Akapiga. Blanketi. Akaosha tena. Blanketi lile lile.

"Shemeji," dada mtu akasema, "baba ametakata, ila bado hajaamka."

"Ni uchafu wa miaka, shemeji. Subiri niioshe mara ya tatu."

Mkewe, ambaye kazi yake ni kusugua vioo kwenye duka la miwani, akainuka. Akatoa lenzi yake ya kukuzia, akainama. Hakuitazama santuri. Alitazama sindano ya gramafoni inayoipiga.

"Mume wangu, ile mashine yako ya kunyolea unaisafisha lini?"

"Kila nikimaliza kichwa. Nywele zikiganda, haikati."

"Na sindano hii?"

Kinyozi akatafuta jibu darini, akakuta doa la maji tu.

Mkewe akapitisha brashi laini ya kufutia lenzi, polepole, mara mbili. Kikadondoka kifundo cha nywele za watu, zilizosafiri kwenye mikono ya shati la kinyozi kutoka kazini. Akarudisha sindano kwenye santuri.

Mzee akaimba. Akaimba waziwazi, mpaka pumzi anazovuta kati ya mistari zikasikika. Shemeji akajiziba mdomo kwa kanga ya mtoto. Mke akageukia dirishani, mabega yakimtetemeka.

Hapo mwenye akili angenyamaza. Kinyozi akasubiri wimbo uishe, akakohoa.

"Lakini tuseme ukweli, mama watoto. Mashine nayo imechangia. Hamkuona ilivyonyonya yale maji? Haikubakiza hata tone!"

Mkewe akajifuta macho, akalitazama lile doa la darini, kisha beseni lililotegwa chini yake.

"Vizuri," akasema. "Mvua ikinyesha, panda nayo juu."