Benzi ya Viti Viwili

Mizigo ilikuwa imeshapakiwa na teksi inaunguruma pale wanawake watatu walipotoka ndani, na Romani, aliyesimama kando ya geti kofia mkononi, akagundua kwamba hajui amuage nani. Mmoja alikuwa bado kijana. Huyo ni Sania, binti wa nyumba ile, aliyekuja kutoka Kanada kumchukua mama yake. Wawili waliobaki walikuwa watu wazima, kimo kimoja, ushungi mweusi mmoja, mwendo mmoja wa magoti yaliyochoka. Mmoja wao ni Sakinabai. Mwingine ni wifi yake. Romani alikuwa amezungumza na Sakinabai kila Jumapili kwa miezi minne. Alijua anavyocheka, anavyoguna akikataa jambo, anavyonyamaza akikumbuka kitu. Sura yake hakuijua.

Wakapita mbele yake. Wa kwanza akamwinamishia kichwa. Wa pili naye akafanya vivyo hivyo. Hakuna aliyesema neno, maana wote wawili walikuwa wanalia, na anayelia kimya humtambui kwa sauti.

Danish, mtoto wa kiume, akafunga buti la teksi. "Haya mzee, kadi umeshapewa, ufunguo unao. Ukishalitoa gari, Monica atafunga geti."

"Msalimie mama."

"Si huyo ndani, kakusikia."

Teksi ikaondoka. Nyuma ya kioo cheusi mkono ulipunga, na hata huo Romani hakujua ni wa nani. Ikapinda kona, vumbi likatulia, upepo wa Kunduchi ukaleta harufu ya dagaa walioanikwa. Monica, dada wa kazi, akaanza kufagia mahali pasipo na uchafu.

Romani akageuka kulitazama gari lake. Benzi ya mwaka sabini na nane, rangi ya krimu, paa la turubai jeusi linalokunjwa nyuma, viti viwili tu vya ngozi nyekundu iliyopasuka kama kisigino. Usukani mkubwa. Maisha yake yote alikuwa ameendesha magari ya watu. Alitoka kwao Ndanda na darasa la nne, akawa utingo, akawa dereva. Kapeleka sukari Lubumbashi, mbolea Lilongwe, saruji Kigoma. Kilichobaki alikisoma barabarani, kwenye vibao na kwenye midomo ya askari. Hili lilikuwa gari lake la kwanza, na alikuwa amelinunua kwa sababu moja: akamfuate mkewe.

Mkewe, Anastasia, alikuwa akiishi Segerea. Hawakuachana, maana kanisa hufunga ndoa, halifungui. Alichofanya Anastasia ni kuacha kumsubiri. Siku moja Romani alirudi kutoka safari ya Kongo akakuta chumba chao cha Temeke kina mpangaji mwingine, akaelekezwa Segerea, akaenda, akakaribishwa chakula, akala, akaondoka na safari nyingine. Ikawa hivyo miaka. Sasa safari zimekwisha, macho ya usiku hayapo, hakuna tajiri anayempa lori mzee. Alikuwa amepanga chumba Mtoni, na jioni zilikuwa ndefu kuliko barabara yoyote aliyowahi kuipita.

Habari za gari alizipata kwa Isack, mpambaji wa harusi, aliyelitaka awabebee maharusi. Romani akamtangulia. Siku ile ya kwanza Danish alimsimamisha getini. "Baba amefariki, mama yuko eda. Haonani na mwanaume asiye ndugu mpaka iishe. Ukitaka kuongea naye kaa hapo barazani, yeye atakuwa nyuma ya pazia."

Romani akakaa. Pazia lilikuwa la kijani, zito, na nyuma yake kiti kililia.

"Wewe ndo wa harusi?" sauti ikauliza.

"Hapana, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Una miaka mingapi wewe unayeniamkia?"

"Sitini na tisa."

"Basi nimekupita kidogo, marahaba yangu halali. Unalitakia nini gari? Halibebi hata gunia la mkaa."

"Nataka kumfuata mke wangu, Segerea."

"Alitoroka?"

"Mie ndo nilitoroka. Kidogo kidogo, safari kwa safari."

Nyuma ya pazia kiti kililia tena. Kisha sauti ikasema, "Umemuuliza kama anataka kufuatwa?"

"Nimemuuliza," akasema Romani. Alikuwa hajamuuliza.

Wakakubaliana. Ila Sakinabai aliweka sharti. Gari lisitoke mpaka eda iishe. "Mume wangu Bandali ametolewa nyumba hii na mie sikumsindikiza hata getini," alisema. "Sitaki na gari lake nilisikie linatoka, na siwezi kusimama mlangoni nikaliangalia. Ngoja nimalize. Na kila Jumapili uje uliwashe, kama alivyokuwa akifanya yeye. Nataka kulisikia."

Basi kila Jumapili Romani alivuka mji kutoka Mtoni mpaka Kunduchi. Analiwasha, linakohoa, linatulia, linanguruma chini kwa chini kama paka aliyeshiba. Analizima. Kisha anakaa barazani, Monica anamletea chai ya maziwa yenye iliki na sahani ya chevda, ule mchanganyiko wa Kihindi wa dengu na karanga, na mazungumzo yanaanza. Alimweleza Sakinabai mambo ambayo hakuwahi kumweleza mtu: namna dereva anavyosahau majina ya watoto wake kwa mpangilio, namna mtu anavyozoea kulala amekaa mpaka kitanda kinamuumiza. Yeye naye alimweleza ya Bandali.

"Alilinunua kwa mhandisi wa Kijerumani aliyekuwa anarudi kwao. Hakuniuliza. Mie nina watoto watatu, mume wangu ananiletea gari la viti viwili. Jumapili ya kwanza akasema twende. Nikamwambia, twende nani?"

"Mkafanyaje?"

"Zamu. Anampakia mmoja mpaka baharini na kurudi, anampakia wa pili, wa tatu. Zamu yangu ikifika anasema mafuta yamekwisha." Akacheka peke yake kule nyuma. "Gari la viti viwili, mzee Romani, kila likitoka linaacha mtu."

"Sie tuko wawili tu."

Sauti iliguna. Romani aliujua ule mguno, lakini hakuujibu. Alichukulia ni maneno ya mfiwa.

Sasa eda ilikuwa imekwisha, na mwenye sauti amekwenda. Romani akalikunja paa nyuma, akafuta kiti cha abiria kwa leso yake, akatoka getini taratibu. Hakuna aliyesimama mlangoni kuliangalia.

Njiani watu walimfaidi. Kwenye taa za Mwenge bodaboda mmoja akasogea ubavuni akakitazama kiti kitupu. "Babu, bi harusi umemsahau wapi?"

"Ndo namfuata."

"Mfuate na mwavuli, paa umeshauza."

Mwingine akasema huyu mzee anakula bata, muacheni, pensheni imetoka. Romani akacheka nao. Taa zikawaka kijani, wakamwacha, na kicheko chake kikabaki hewani bila mwenzake. Alipofika Tabata, jua lilikuwa limemchoma utosi na vumbi limejaa mdomoni. Upepo ulitishia kuichukua kofia aliyoiweka kwenye kiti cha pembeni, akawa anaishika kwa mkono, kama mtu anayemshika mtu asianguke.

Anastasia alikuwa nje ya nyumba yake, kwenye kibaraza cha saruji, anachambua mchicha. Nyumba ile aliijenga mwenyewe kwa upishi wa shuleni, vyumba viwili, kimoja bado hakina lipu. Alilitazama gari, akamtazama aliye ndani, akaendelea kuchambua.

"Shikamoo, dereva," akasema.

"Usinitanie, mama Jenipher."

Jenipher ni binti yao. Alifariki, akaacha wasichana wawili, Elinaza na mdogo wake Suzana, wanalelewa hapo hapo na bibi yao. Romani aliwajua. Aliwaletea viatu sikukuu. Lakini katika hesabu zake zote za barazani Kunduchi, hakuwahi kuwaweka.

"La nani hili?"

"Langu."

"Lako wewe?"

"Langu. Njoo ukae uone."

Anastasia akanawa mikono, akajifuta kwa kanga, akaja, akaingia. Alikaa wima, kama aliyekaa ofisi ya mtu. Akagusa ngozi ya kiti. "Kizuri," alisema, na alimaanisha. Jirani mmoja akachungulia dirishani, akarudi ndani kuwaita wenzake.

"Nimekuja kukuchukua," Romani akasema. "Tukakae wote. Nimechoka, Anastasia. Pale Mtoni nikizima taa nasikia saa ya jirani."

Anastasia hakucheka. "Chumba kimoja?"

"Kwa kuanzia."

"Na watoto?"

Romani akageuka kutazama nyuma ya viti, kana kwamba labda kuna mahali. Palikuwa na paa lililokunjwa.

"Umepata wapi hela ya hili gari?"

"Nimeuza kiwanja cha Pugu."

Mkono wa Anastasia ukatoka kwenye ngozi ya kiti. Akatazama mbele, kwenye kioo, kama wako safarini.

"Kila masika nakwenda kukifyeka kile kiwanja," alisema polepole. "Nimepanda mipapai. Ulijua?"

"Sikujua."

"Ungejulia wapi. Nilikuwa nasema, huyu mtu kutembea kutamchosha. Siku akichoka, atakwenda Pugu na tripu ya tofali, atashusha, nami nitajua amekuja kukaa. Sikutaka kingine. Magari nimekuona nayo tangu tunaoana, Romani. Gari ndilo linalokuchukua. Sasa umeuza pa kukaa, umenunua pa kuondokea."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Mie nilidhani utafurahi," Romani akasema.

"Ungeniuliza."

Akashuka. Akaenda kumalizia mchicha, akapika, akampakulia kama zamani, ugali na mchicha wa nazi, akamwekea na maji ya kunawa. Wakala. Watoto wakarudi kutoka shule, wakaliona gari, wakajibana wote wawili kwenye kiti kimoja, na Romani akawazungusha mpaka ukuta wa gereza na kurudi, wanapiga kelele njia nzima. Aliporudi alimwambia Anastasia, "Zamu yako."

"Mie naliona vizuri nikiwa hapa."

Ndipo alipotaka sana kumpigia mtu simu. Akaitafuta namba ya Sakinabai, akapiga palepale ndani ya gari. Simu haikupatikana. Alikaa nayo sikioni mpaka yule mwanamke wa kwenye mtandao amalize kusema kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kisha akalikunjua paa, akalifunga, akaondoka.

Sakinabai alifika Toronto salama, anaishi kwa Sania ghorofani, na magoti yake hayapendi baridi. Danish aliipangisha nyumba ya Kunduchi kwa watu wa chekechea. Gereji wameigeuza darasa. Monica aliolewa Bagamoyo. Isack alilinunua gari mwezi uliofuata, akalipaka rangi nyeupe, na sasa linafanya harusi za Mbezi na Tegeta kila Jumamosi, isipokuwa mvua ikinyesha, maana paa limechanika na fundi wa kulishona hajapatikana. Kiwanja cha Pugu kimejengwa fremu za maduka. Mipapai ilikatwa.

Hela aliyolipwa na Isack, Romani aliinunulia tofali, na asubuhi moja lori lilizishusha Segerea, mlangoni kwa Anastasia. Anastasia alitoka, akalizunguka lori mara mbili akitazama nani kakaa mbele. Alikuwepo dereva na utingo wake. Romani alikuwa amewalipa akawaelekeza njia. Tofali zikajenga chumba cha wasichana. Elinaza yuko kidato cha pili, Suzana darasa la sita.

Romani alihama Mtoni bila kuaga, akapanda lori la mtu wa kwao aliyekuwa anakwenda mpakani. Yuko Tunduma, analinda maegesho ya malori. Amepewa kibanda chenye kitanda, lakini madereva wanasema usiku mwingi humkuta amelala amekaa. Anastasia humpigia Pasaka na Krismasi, akamsomea matokeo ya watoto. Romani husikiliza mpaka mwisho, huuliza kama kule mvua imenyesha, kisha husema kuna gari linaingia, akakata.