Maana ya Nne

Mwalimu Optatus alifundisha Kiingereza kwa fimbo, na kila jioni alirudi nayo nyumbani kwake Chamwino. Mkewe, Penina, alikuwa uani akitwanga uwele aliposikia somo likianza sebuleni.

"Neno 'set'. Lina maana nyingi kuliko nywele zako. Nipe nne tu!"

"Kuweka," alijibu Gladness, binti yao wa darasa la sita. "Kupanga. Seti ya vyombo."

"Ya nne?"

Fimbo ikalia, ikalia tena, na mtoto akapiga ukelele kama mbuzi aliyewekewa kisu shingoni.

Mwezi uliopita Penina alijaribu kumwombea binti yake msamaha, akaambulia kung'olewa jino. Majirani wakasema mwacheni, yule ni mwalimu, anajua anachofanya. Anajua nini, mshenzi yule! Penina aliingia ndani na mchi wake. Aliushusha kwenye mkono ulioshika fimbo, mfupa ukavunjika kama kuni kavu. Optatus alipoinama kuugulia, Penina akamtandika pigo la pili mgongoni. Mwanamume akaanguka kifudifudi, damu ikimchuruzika puani.

Penina akamgeukia mwanawe huku akihema, mchi bado u mkononi.

Gladness akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani. Kisha, taratibu, akanyoosha mbele viganja vyake vilivyovimba.

"Nimeikumbuka, mama," akasema. "Jua kuzama. Usinipige."